Mabaka ya Mzee Eloy Tafoya

Kila mwaka kiangazi kikiisha, pilipili za msimu zikianza kuchomwa kwenye maegesho ya maduka ya Albuquerque, Mzee Eloy Tafoya alikuwa akija hospitali kukatwa kipande cha ngozi. Kilikuwa kipande kidogo kama punje ya dengu, na Dakta Yazzie, daktari wa ngozi, alikuwa na mkono mwepesi hata mzee hakukatiza hadithi zake. Kipande kiliwekwa kwenye barafu kikapandishwa ghorofani, kwenye maabara ya Leonor Archuleta.

Leonor hakuwa daktari wa kutibu watu. Alikuwa mtafiti wa kinga ya mwili, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi alikuwa akifuatilia seli za aina moja tu. Mwili ukivamiwa huinua jeshi la seli ziitwazo seli T. Vita vikiisha, nyingi hufa. Chache hubaki, na hizo ndizo huitwa seli za kumbukumbu, kwa sababu adui ziliyempiga mara moja hazimsahau. Baadhi huzunguka na damu. Nyingine huhamia kwenye ngozi, zikaweka makazi, zisitoke tena. Hizo za kwenye ngozi ndizo alizozitaka Leonor.

Na ngozi ya Mzee Eloy ilikuwa imejaa seli hizo. Alikuwa fundi wa barabara wa kaunti, maisha yake yote juani akimwaga lami, hadi alipotokewa na doa jeusi mgongoni. Lilikuwa saratani, na lilipogunduliwa lilikuwa limekwisha kutuma watoto mapafuni. Akatundikiwa dawa ya mshipani, dawa ambayo yenyewe haiui saratani bali huzifungulia seli T breki. Saratani ikayeyuka. Lakini saratani ile huzaliwa na seli zinazoipa ngozi rangi, na seli T zilipoifukuza hazikuchagua; zilimpiga mhalifu na ndugu zake wasio na hatia. Mzee akatoka mbalanga, mabaka meupe ya ngozi iliyopoteza rangi: kuzunguka macho, kuzunguka mdomo, shavu zima la kushoto, mikono, kifua. Nyusi moja ikawa nyeupe pe.

"Mjukuu wangu anasema shavuni nimechorwa ramani ya Texas," aliwahi kumwambia Leonor. "Nikamwambia, mwanangu, sisi na watu wa Texas hatuivi, niombee basi iwe hata Arizona."

Leonor aliyapenda mabaka yale kwa namna ambayo asingeweza kumweleza mtu. Wagonjwa waliotoka mbalanga baada ya dawa ile ndio waliokuwa wakiishi zaidi. Kwa panya wake mambo yalikuwa hivyohivyo: wale ambao manyoya yao yalipauka, hata alipowachoma sindano ya seli za saratani upya, wengi hawakuugua. Alipowaondolea zile seli za kwenye ngozi, waliugua. Na katika watu wote waliokuwa wakimpa ngozi zao, Eloy ndiye aliyekaa muda mrefu kuliko wote bila saratani kurudi. Makala aliyokuwa akiiandaa pamoja na mwenzake Pruitt ilisimama, kwa kiasi kikubwa, juu ya mtu huyo mmoja.

Mwaka huo mzee alikuja, akakatwa, akafungwa bendeji, kisha akaomba apandishwe kwa Leonor. Alikuwa ameishika kofia yake mkononi.

"Kuna dawa ya kupaka," alisema kabla hajakaa vizuri. "Dakta Yazzie anasema inarudisha rangi. Nilipomuuliza kama naweza kuitumia, akasema nikakuulize wewe kwanza. Basi ndiyo nimekuja kuuliza."

Leonor aliijua dawa hiyo. Ilifanya kazi kwa kukata sauti ambayo seli zile zilitumia kuitana.

"Umekaa na mabaka haya miaka yote, Mzee Eloy. Mbona sasa?"

"Bersabe," alisema.

Bersabe alikuwa mkewe. Akili yake ilikuwa ikimtoka kidogo kidogo. Yalianza kumpotea majina ya wajukuu, ikaja njia ya kwenda kanisani, na sasa ilikuwa imefika zamu ya mume.

"Nikimwita toka jikoni ananijibu vizuri kabisa. 'Eloy, kuni zimeisha. Eloy, umempa mbwa chakula?' Sauti anaijua. Nikiingia chumbani akaniona uso, anapiga ukelele. 'We nani? Umemfanya nini mume wangu?' Juzi kanirushia sufuria la maharage. Ya moto."

"Hukuungua?"

"Aa, shabaha hana tangu usichana wake." Alicheka, kisha akaacha. "Nikimlisha mimi hali. Jirani akija, anakula. Lakini jirani naye ana kwake, hawezi kuja kila mlo, na mama anakonda. Ile picha ya harusi iko ukutani. Ananionyesha kwa kidole, 'Huyu ndiye Eloy.' Na mimi nimekaa palepale, mwanangu. Mtu wa kwenye picha ana uso mmoja. Mimi ninazo mbili."

Leonor alimwambia atalifikiria. Mzee alishukuru, akavaa kofia, akaondoka akiwaamkia watu wote koridoni kama kawaida yake.

Anselm Pruitt, aliyekuwa mwenzake Leonor katika maabara na katika ubishi tangu wakiwa wanafunzi, hakuona kitu cha kufikiria.

"Mwambie asiiguse."

"Kwa ushahidi gani?"

"Unaniuliza ushahidi wewe? Si tumewatoa panya seli hizo tukaona yaliyowapata?"

"Tulizitoa. Hii dawa haizitoi, inazinyamazisha. Hatujui kama ni kitu kimoja."

"Ndiyo maana nasema asiiguse. Hatujui."

"Na angekuwa mgonjwa tusiyemhitaji kwenye makala?"

Pruitt alimtazama juu ya miwani. "Ningesema vilevile," alisema. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, akaongeza, "Ila nisingekuwa na haraka hivi ya kusema."

Leonor alijaribu kulipima jambo hilo kama alivyozoea kupima mambo, kwa kuondoa kitu kimoja na kuangalia kinachobaki. Aliondoa makala. Aliondoa fedha za utafiti. Aliondoa hata heshima aliyokuwa nayo kwa mzee yule. Kila alichokiondoa kilirudi kwa mlango mwingine. Kumtakia Eloy uzima na kuitaka ngozi yake ibaki ilivyo kulielekea upande mmoja, na hakupata njia ya kujua ni kipi kati ya hivyo viwili kilichokuwa kikimvuta.

Jumamosi aliwasha gari akashuka kusini hadi Tomé, alikokaa mzee. Alimkuta uani anapasua kuni za msonobari, mbwa amelala karibu na shoka bila wasiwasi. Mzee alimvutia kiti kibarazani.

"Eloy!" sauti ya mwanamke ilitoka ndani. "Nani huyo?"

"Mtu wa hospitali!"

"Mpe kahawa basi! Unamwacha mgeni mkavu hivihivi?"

"Nakuja, nakuja!" Alimgeukia Leonor akatabasamu kwa fahari kidogo, kama mtu anayesema, si unasikia. Kisha akaingia ndani kuchukua kahawa.

Leonor alisikia kikombe kikianguka. Akasikia ukelele.

"Toka! Toka nyumbani kwangu! Eloy! Eloy, njoo! Kuna mtu humu ndani!"

Ilimchukua Leonor muda mfupi kuelewa kwamba mama yule alikuwa akimwita mumewe aje amwokoe na mumewe. Mzee alitoka mikono mitupu, akaurudisha mlango taratibu, akasimama pembeni ya dirisha mahali asipoonekana.

"Nipo, mama," alisema kwa sauti ya kawaida. "Ameshaondoka. Nimemfukuza."

"Umfukuze kwelikweli!"

"Kwelikweli."

Ndani pakatulia. Mzee aliketi, akajifuta jasho la usoni, kwenye weupe na kwenye weusi.

"Haya, mwanangu. Niambie."

Leonor alimwambia. "Seli zinazokula rangi yako, mimi naamini ndizo zinazozuia saratani isirudi kwenye ngozi. Naamini tu. Kwa panya nimeliona kwa macho. Kwa watu nimeona kwamba wenye mabaka wanaishi zaidi, lakini kama ni mabaka yanayowaweka hai au ni kitu kingine, siwezi kukuapia. Hii dawa inazinyamazisha. Sijasikia mtu ambaye saratani imemrudia kwa sababu yake. Ila walioitumia wakiwa na historia kama yako ni wachache mno, huwezi kuwategemea."

"Hiyo nimeelewa."

"Kuna lingine. Mimi nakuhitaji ulivyo. Kazi yangu yote ya miaka hii inakutegemea. Ukijipaka, hutakuwa tena mtu yuleyule kwangu. Kwa hiyo nikikwambia usipake, usinisikilize kama mtu asiye na lake jambo."

Mzee alimsogezea kiti karibu. "Na ungekuwa ni wewe?"

"Sijui, Mzee Eloy. Kweli sijui."

"Yazzie naye kasema hivyohivyo. Mlisomea shule gani nyinyi?"

Leonor alicheka bila kutaka. Mzee alichukua kijiti akaanza kumkuna mbwa mgongoni.

"Basi nipake uso tu," alisema hatimaye. "Mikono ibaki, kifua kibaki, mchukue mnachotaka. Bersabe hanitazami kifua siku hizi."

Dakta Yazzie alikubali, kwa sharti kwamba mzee apigwe picha za mapafu na kukaguliwa tezi za shingoni na kwapani mara nyingi kuliko zamani. Pruitt aliposikia alikuja kuuliza kama angalau wangeweza kupata kipande cha uso kabla na baada. Leonor alisema mzee ameshakubali bila kuombwa.

Rangi ilirudi kwa nukta. Kwanza vilionekana vidoa vya kahawia kwenye vitundu vya ndevu, kama mtu aliyerushiwa tope. Vidoa vikapanuka, vikakutana. Kufikia Jumatano ya Majivu shavu la kushoto lilikuwa limefanana na la kulia. Nyusi nyeupe haikubadilika, na mzee akaipaka wanja aliouacha binti yake.

Alipokuja kukatwa kipande cha pili cha uso, Leonor alishuka mwenyewe chumba cha Dakta Yazzie. Aliuangalia uso ule akaona kwamba hakuwahi kuufahamu. Ulikuwa uso wa mwanamume mwenye taya pana na macho ya utani. Kabla ya hapo alikuwa akiangalia mipaka ya mabaka tu.

"Anakutambua?" aliuliza.

"Hapana."

Dakta Yazzie aliinua kichwa.

"Ananiita baba mkwe," mzee alisema. "Anadhani mimi ni marehemu baba yangu, Procopio. Nami umri huu kweli tumefanana, hata mimi kioo kinanishtua. Sasa baba alikuwa mtu wa kuogopwa, basi ananiheshimu vibaya sana. Nikiingia anajiweka nywele sawa. Nikimpa kijiko anakula, atamkataliaje baba mkwe? Anamaliza sahani."

"Basi si vizuri?" Leonor alisema.

"Vizuri. Kazi ni kwamba akishashiba ananishtaki. Kwa baba yangu! 'Baba, mwanao mvivu wa kuni. Baba, mwanao hasemi, mpaka umng'oe maneno kama meno.' Nami inabidi niitikie, 'Nitamsema, mwanangu, nitamsema.'" Alicheka hadi Dakta Yazzie akamwomba atulie asimkate vibaya. Alipotulia, alikuwa akiangalia dirishani. "Jana kaniambia, 'Lakini usimgombeze sana, baba. Ni mtu mwema.' Hajawahi kuniambia mimi hivyo. Maisha yote tuliyokaa."

Dakta Yazzie alibandika plasta. Leonor alichukua kichupa cha barafu, ingawa haikuwa kazi yake kukibeba.

Kwenye hadubini seli zilikuwepo. Zilikuwa zimekaa palepale, chini ya ngozi iliyorudi kahawia, karibu idadi ileile kama mwanzo. Hazikufa, hazikuhama. Zilikuwa zimenyamaza tu. Pruitt aliangalia, akainuka, akaangalia tena.

"Zimelala," alisema. "Sasa swali ni kama adui akija zitaamka."

Waliwapaka panya dawa, wakawachoma saratani. Baadhi waliishinda, baadhi ikawashinda, na mgawanyiko wenyewe ulikuwa wa aina ambayo mtu mwenye hamu angeweza kuusoma vyovyote. Walirudia. Ikawa vilevile.

Mwezi wa Mei Dakta Yazzie alipiga simu. Alikuwa amepapasa uvimbe kwapani kwa Mzee Eloy, upande wa kushoto.

Wazo la kwanza lililomjia Leonor, kabla ya hofu, lilikuwa kwamba sasa watajua. Lilipita upesi, na hofu ikalifuata ikakaa. Lakini lilikuwa limetangulia, na hakujidanganya kuhusu hilo. Alimpigia mzee akamshauri aache dawa mpaka majibu ya uvimbe yatoke.

"Nikiacha, nani atamlisha?"

"Ni siku chache tu."

"Mabaka yakirudi siku chache, yeye atakuwa amekaa na njaa siku chache. Hapana, mwanangu. Mimi nilishachagua. Wewe fanya kazi yako."

Siku hizo Leonor alifanya kazi yake. Aliosha vyombo ambavyo vilikuwa na mtu wa kuviosha. Pruitt, ambaye kwa kawaida hakuwa na staha, hakumwambia neno lolote la kwamba alimwonya; alimletea asubuhi burito, chapati iliyoviringishiwa mayai na maharage, na kumwekea mezani. Majibu yalipotoka, hayakuwa saratani. Mzee alikuwa amekwaruzwa na paka wa jirani, tezi ikavimba kwa uchafu wa kucha. Dakta Yazzie alimpa vidonge. Mzee alipoambiwa alisema atamwambia baba yake amseme yule paka.

Bersabe alifariki msimu wa mapukutiko, kwa nimonia, nyumbani kwake. Leonor alienda mazishini Tomé. Aliwapa mkono watoto na wajukuu waliokuja kutoka Denver na Phoenix, akakaa pembeni na bakuli la pozole, mchuzi wa mahindi na nyama. Mzee alikuja kukaa naye kidogo. Alikuwa amevaa suti nyeusi, na uso wake ulikuwa mzima, wa rangi moja.

"Siku ya mwisho alikuita nani?" Leonor aliuliza. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua, na hapo hapo akaona haya.

Mzee hakukasirika. "Hakuniita mtu," alisema. "Alinishika mkono huu." Aliunyanyua mkono wa kushoto, wenye mabaka. "Akaukagua, akaugeuza, akaushika. Sijui alidhani ni wa nani. Sikumuuliza."

Dawa aliiacha mwenyewe. Hakumwambia mtu; alipokuja kukatwa mara iliyofuata, weupe ulikuwa umeanza kurudi, na ulirudi kwenye mipaka yake ya zamani, kila baka mahali pake, kama maji yanayoujua mfereji. Leonor alimuuliza kama angependa kuendelea kupaka, akimweleza kwamba picha za mapafu zilikuwa safi na hapakuwa na sababu ya kumkataza.

"Ni kazi, kujipaka asubuhi na jioni," mzee alisema. "Na sina wa kumtisha tena. Kateni."

Chini ya hadubini seli zilikuwa zimeamka.

Makala ilitoka mwaka uliofuata. Pruitt alitaka kichwa cha habari kikubwa zaidi, Leonor akakipunguza, wakagombana, wakapatana katikati. Waliandika kwamba seli za kumbukumbu za kwenye ngozi hazifi kwa dawa ile, hunyamaza, na kwamba dawa ikiachwa hurudi kazini mahali palepale. Kuhusu kama zikiwa zimenyamaza bado zinalinda dhidi ya saratani, waliandika kwamba hawajui, na kwamba mtu mmoja aliyebaki mzima hathibitishi kitu. Wasomaji wengi walikipita kifungu hicho. Wachache waliwaandikia kukiuliza.

Mzee Eloy aliendelea kuja kila mwaka. Dakta Yazzie alianza kumpandishia Leonor wagonjwa wengine waliokuwa na swali lilelile. Mmoja alikuwa mwalimu wa shule kutoka Gallup, mama wa makamo, Darlene Begaye, mwenye mabaka shingoni hadi kidevuni.

"Watoto darasani wananiuliza kama inaambukiza," alisema. "Nimechoka kujibu. Ni hilo tu, sina hadithi kubwa."

"Si lazima iwe kubwa," Leonor alisema. Akamweleza. Safari hii alianza na kwamba yeye binafsi angependa mabaka yale yabaki, na kwa nini, kisha ndipo akaja kwenye panya na watu na yale asiyoyajua. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali ya mwalimu, ya kurudisha mtu nyuma mpaka aeleze vizuri.

Kisha akasema ataitumia, tena mwili mzima.

Leonor alimwandikia Dakta Yazzie ujumbe kuhusu ratiba ya kukagua tezi, akamsindikiza mama yule hadi kwenye lifti, akarudi kwa panya wake.